Mlima Hausahihishi kwa Wastani: Mitihani Minane ya Jenereta Inayotaka Kupanda Masaba

Ukisimama Busiu asubuhi na mapema, kando ya barabara kuu itokayo Tororo kwenda Mbale, mlima unauona wote: genge la Wanale limesimama kama ukuta, na nyuma yake Masaba, ambayo ramani huiita Elgon. Saa sita mchana umeshajifunika mawingu hadi magotini. Mama ninayenunua kwake karanga pale kituoni hana haja ya setilaiti. Huutazama mlima mara moja, kisha huanza kuvuta turubai juu ya magunia yake.

"Mlima umevaa koti, mwanangu. Kaa huku ndani."

Nikakaa. Mvua ikaja, nami nikapata muda wa kumweleza habari za jenereta. Si ile ya dizeli inayonguruma nyuma ya duka umeme ukikatika. Hii ni programu ya kompyuta. Unailisha rekodi za mvua, joto na jua za kituo fulani, za miaka ishirini au thelathini. Inajifunza tabia za mahali pale, kisha inakutungia hali ya hewa siku baada ya siku, miaka mia ukitaka, elfu ukitaka. Kutabiri kesho si kazi yake. Inatunga siku ambazo hazikuwahi kuwako ila zingeweza kuwako, ili mtu wa kilimo ajaribu mbegu, mhandisi apime daraja, na mtu wa maafa ahesabu mteremko utalowa kupita kiasi mara ngapi katika maisha ya mtoto aliyezaliwa leo.

Mama alisikiliza, akapinda gazeti likawa koni, akajaza karanga.

"Kwa hiyo ni mvua ya uongo?"

"Ya mfano, mama."

"Sawa. Basi ipewe mtihani kabla haijapelekwa kwa watu."

Hivyo ndivyo orodha hii ilivyozaliwa. Mitihani ni minane, nami naipanga kama mtu apandavyo mlima: tunaanza namba 8 pale tambarare, pumzi zikiwa bado tele, tunamalizia namba 1 ambako kila hatua inadaiwa. Msimamo wangu nautanguliza mapema ili tusizungushane: jenereta nyingi hupewa alama kwa wastani, na watu wa mlimani hawaishi katika wastani.

8. Wastani wa mwezi

Mtihani wa chekechea. Unaiuliza programu: rekodi zinasema Aprili hapa hunyesha kiasi hiki, wewe unatoa kiasi gani? Inajibu sawasawa, kwa sababu wastani ndicho chakula ulichoilisha. Ni mwanafunzi aliyelala na karatasi ya majibu chini ya mto.

Ila tuwaheshimu walioifundisha kusoma. Mwaka 1962 Gabriel na Neumann walichambua mvua ya Tel Aviv wakaona kwamba ukitaka kukisia kama leo itanyesha, jambo la kwanza la kujua ni jana ilikuwaje. Mwaka 1981 C. W. Richardson, mtafiti wa kilimo huko Texas, akajenga juu ya wazo hilo. Kete inarushwa kuamua siku ni ya mvua au kavu, na uzito wa kete hubadilika kulingana na jana. Kama ni ya mvua, milimita zinachotwa kutoka kwenye mkunjo wa takwimu. Kisha joto na jua hupangwa kufuatana na hali hiyo, maana siku ya mvua haiwezi kubeba jua la Januari. Mwaka 1984 yeye na Wright wakaitoa kama programu iitwayo WGEN, na karibu kila jenereta iliyofuata ni mjukuu wake au mkwe wake.

Maoni ya mwalimu: amefaulu. Asiombe likizo bado.

7. Sura ya mwaka

Texas kuna kipupwe kimoja na kiangazi kimoja, kwa hiyo WGEN ilichora joto la mwaka kama wimbi moja, linalopanda mara moja na kushuka mara moja. Mlete mgeni huyu Uganda ya mashariki umwambie kwamba tunapanda mwezi Machi, tunavuna, tunapanda tena Agosti, na kwamba katikati mvua hupunguza mwendo bila kuondoka. Atatafuta kipupwe chake mpaka achoke. Mtihani wenyewe si mgumu; ni suala la kurekebisha fomula, na waliokuja baadaye waliirekebisha. Tuendelee, njia ni ndefu.

6. Kumbukumbu

Hapa karatasi inaanza kuwa nzito. Kete inayoijua jana peke yake husahau upesi. Ikipata siku kavu tano mfululizo, haijui kwamba ni tano. Kila asubuhi kwake kuna jana moja tu. Matokeo yake ni kwamba vipindi virefu vya ukavu hutokea mara chache kuliko vinavyotokea shambani. Na mkulima wa Busiu aliyepanda maharagwe hauawi na jumla ya mwezi. Anauawa na siku kumi na mbili za jua kali zilizoanza siku mbili baada ya mbegu kuchomoza, hata kama mwezi ule ukifunga hesabu yake vizuri.

Nilipomweleza mama jambo hili alicheka mpaka akashika kiuno. "Anayekumbuka jana peke yake, huyo atalima nini?"

Wataalamu walifika kwenye jibu lilelile kwa njia mbili. Mikhail Semenov na wenzake walitengeneza LARS-WG, iliyopewa jina la kituo cha utafiti cha Long Ashton nchini Uingereza. Hii hairushi kete kila siku. Inachota urefu wa kipindi kizima: sasa siku saba kavu, sasa siku nne za mvua, kutokana na vipindi vilivyoonekana kweli pale kituoni. Mwaka 1998 waliipambanisha na WGEN kwa rekodi za vituo 18 vya Marekani, Ulaya na Asia, na kwa jumla mjukuu akamshinda babu, hasa kwenye vipindi hivyo. Njia ya pili ilitoka tropiki yenyewe. Peter Jones wa CIAT, kituo cha utafiti kilichoko Cali, Kolombia, na Philip Thornton wakatoa MarkSim mwaka 2000. Hii hutazama nyuma siku tatu badala ya moja, kwa kuwa waliona mvua za tropiki zina kumbukumbu ndefu zaidi kuliko za kaskazini.

Siku tatu si miaka mitatu. Lakini mtoto ameanza kukumbuka alikokaa jana na juzi, na hilo ni jambo la kupongezwa.

5. Baridi ya juu

Huu mtihani naupenda kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie.

Swali linaonekana rahisi. Busiu iko mita 1,100 na ushei juu ya bahari. Kilele cha Wagagai kiko mita 4,321. Vitabu vinasema kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa digrii 6.5 hivi. Piga hesabu: karibu digrii 20 zinapotea kati ya kikapu cha karanga na kilele. Jenereta inachukua joto la kituo cha chini, inatoa digrii zake, inakabidhi karatasi kabla wenzake hawajafungua kalamu.

Mkamateni arudi akae.

Ile 6.5 ni wastani wa anga la vitabuni. Hewa yenye unyevu mwingi hupoa polepole kuliko hiyo inapopanda, na hewa kavu hupoa kwa kasi karibu digrii 10 kwa mita 1,000. Msitu wa mawingu na nyanda za juu zilizo wazi haviwezi kutumia namba moja, na hata mahali pamoja Januari si Mei. Halafu kuna usiku. Masaba ni volkano iliyozimika, na juu yake kuna bonde kubwa la kasoko, pana kilomita nane hivi. Usiku usio na mawingu hewa baridi huteremka kutoka kingoni, ikatulia sakafuni kama maji kwenye sufuria. Chini ya bonde panaweza kuwa na barafu majanini huku ukingoni, juu zaidi, pakiwa na nafuu. Kwa jenereta hiyo ni kashfa: umeshuka na joto limeshuka nawe.

Mimea ya kule juu ilishafanya mtihani huu zamani. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, aliyeisoma milima yetu mirefu kuanzia miaka ya 1940, alieleza kwamba huko kiangazi na kipupwe havisubiriani miezi. Hupishana kati ya mchana na usiku uleule. Senesio kubwa, ile mimea inayofanana na kabichi iliyowekwa juu ya nguzo, hufunga majani yake jioni kuzunguka chipukizi la katikati kama mtu avutaye shuka, na asubuhi jua likipiga hufungua. Shina limevaa majani makavu ya miaka iliyopita, hayajaanguka, yamekuwa koti. Programu iliyozaliwa kwenye nchi za misimu minne huweka nguvu zake zote kwenye tofauti ya Januari na Julai. Ikipanda hapa inapaswa kuweka nguvu kwenye tofauti ya saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri.

Kuna anayesema, hayo ni mambo ya senesio, mimi nalima kahawa. Haya, kahawa. Chama cha Ushirika cha Bugisu kimekuwa kikiuza arabika ya mlima huu tangu 1954, na adui mmoja wa arabika ni kidudu kitoboa-tunda. Juliana Jaramillo na wenzake walimpima wakaona kwamba joto likiwa chini ya digrii 14.9 hakui. Kwa hiyo kuna mstari fulani mlimani, juu yake kahawa inapumua kwa amani. Sasa jenereta ikikosea digrii mbili tu, mstari huo unahama mita 300 juu au chini. Kwenye miteremko ya Masaba mita 300 ni vijiji vizima. Nani atamwambia mkulima kwamba amewekwa upande usio wake kwa sababu mtu aliipenda namba 6.5?

Maoni: ana akili, ana haraka. Alale usiku mmoja nje.

4. Radi na mawe

Tororo, majirani zetu wa barabara hii, kati ya 1967 na 1976 walihesabiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, takwimu iliyoingia kwenye vitabu vya rekodi za dunia. Ukipanda juu, ngurumo hizo huleta mvua ya mawe inayochana majani ya migomba na kuangusha maua ya kahawa kwa dakika kumi. Fungua jedwali la jenereta utafute safu ya mawe. Kuna mvua, joto la juu, joto la chini, mwanga wa jua. Basi.

"Hakuingia mtihani," mama alisema, na hakuna la kuongeza.

3. Nani anyeshewe, na lini

Watu hudhani mvua huongezeka kadiri unavyopanda, kana kwamba mlima ni ngazi na kila ngazi ina ndoo kubwa zaidi. Huongezeka kweli, mpaka mahali fulani, halafu hupungua. Andreas Hemp alipima mteremko wa kusini wa Kilimanjaro akakuta kilele cha mvua kiko kwenye mita 2,200 hivi. Juu ya hapo hukauka hadi jangwa la barafu. Masaba nayo hunyeshewa zaidi kiunoni, kati ya mita 2,000 na 3,000, kuliko miguuni au kichwani, na miteremko ya kusini na magharibi hupata kuliko ya pande nyingine. Kwa hiyo jenereta iliyofundishwa Tororo ikiambiwa "ongeza kidogo kwa kila mita" itamlowesha anayeishi juu na kumkausha anayeishi kati. Joto lina kanuni, hata kama ni ya kubembeleza. Mvua ya mlimani ina tabia, na tabia hufahamika kwa kukaa na mtu.

Tatizo kubwa zaidi ni la ujirani. Jenereta za kawaida hutunga kila kituo peke yake. Ukitunga Busiu, kisha ukatunga Bududa kule mlimani, umepata watoto wawili wasiojuana. Siku Bududa inapopigwa na mvua kubwa, Busiu ya kwenye kompyuta inaweza kuwa na jua au mawingu, kwa bahati tu, bila uhusiano. Daniel Wilks wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha mwaka 1998 namna ya kuzirusha kete za vituo vingi zikiwa zimefungwa kamba, ili kituo kimoja kikilowa jirani naye aguswe. Njia ipo. Ila kamba hiyo hupimwa kutokana na rekodi za vituo vyenyewe, na vituo vikiwa vyote vya bondeni, kamba inafungwa bondeni kwa bondeni.

Kwa nini nalishikia bango? Kwa sababu ya mto Manafwa. Unateremka kutoka Bududa, unakatiza barabara yetu hii ya Tororo na Mbale, unakwenda kumwagilia mpunga wa Doho kule Butaleja. Mkulima wa Doho anaweza kufurikiwa na mvua ambayo hakuiona wala kuisikia. Na usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala iliingia Mbale mjini ikaua watu zaidi ya ishirini. Jenereta isiyojua kwamba mteremko na bonde ni ukoo mmoja haiwezi kutunga usiku kama ule hata ukiipa miaka elfu.

"Sisi hapa," mama alisema, "mvua ya wenzetu tunaiona ikipita mtoni, rangi ya chai ya maziwa." Alikuwa anaangalia upande wa daraja.

2. Siku nzito na miaka mizito

Jioni ya tarehe 1 Machi 2010 mteremko wa Nametsi, Bududa, uliporomoka ukafunika kituo cha biashara pamoja na kituo cha afya. Waliokufa walizidi mia, na wengi hawakupatikana kamwe. Walionusurika walihamishiwa hadi Kiryandongo, safari ya nusu ya nchi. Juni 2012 Bumwalukani. Tarehe 11 Oktoba 2018 mto Suume ulishuka na mawe na magogo kupitia Bukalasi, watu zaidi ya arobaini wakafa. Tarehe 27 Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Kwenye mtihani huu utani wangu nauweka mfukoni.

Tarehe ile ya kwanza iangalie vizuri: Machi mosi. Jenereta hufundishwa mwezi kwa mwezi, na Februari katika nchi hii ni mwezi mkavu. Programu iliyoijua Februari kwa wastani wake ingekupa udongo mkavu unaoingia Machi ukisubiri kupandwa. Mwaka ule El Niño ilikuwa imebadilisha kalenda, mvua zikanyesha kabla ya zamu yake, na mteremko ukaingia Machi ukiwa umeshiba.

Neno ni hilo, kushiba. Mlima hauporomoki kwa mvua ya siku moja pekee. Udongo wa mfinyanzi hunywa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, maji yanajaza matundu na kusukumana kutoka ndani, mpaka uzito na utelezi vinashinda mizizi iliyobaki. Kwa hiyo usiniletee jedwali la "mvua kubwa kuliko zote kwa siku" ukaniambia jenereta imefaulu. Niletee jumla ya siku tatu, tano, kumi, thelathini, za kompyuta na za kituo, ubavu kwa ubavu.

Hapa ndipo kasoro moja ya WGEN inapojitokeza, nayo ni rahisi kuieleza hata kwa mtu aliye sokoni. Inakumbuka kama jana ilinyesha. Haikumbuki ilinyesha kiasi gani. Leo milimita 60, kesho inaweza kuchota 2, keshokutwa 5, kila siku ikiingiza mkono ndani ya mfuko bila kutazama ilichotoa jana. Mvua ya kweli inapokaa juu ya Bukalasi hukaa kwa siku, na siku nzito huandamana. Juu ya hapo, mkunjo wa takwimu unaotumika sana kwa milimita una mkia mwembamba: huzitunga vizuri mvua za kila wiki, huzipunguza zile zinazokuja mara moja kwa miaka ishirini. Makosa hayo mawili yakikutana, kompyuta inakukabidhi mlima ulio salama kuliko ule wanaoishi watu.

Kisha kuna miaka yenyewe. Semenov na wenzake, katika ule ulinganisho wa 1998, waliona pia kwamba jenereta zote mbili hupunguza tofauti ya mwaka na mwaka. Zinatoa miaka inayofanana kama sare za shule. Twende Jinja, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, tukaone mwaka usiovaa sare. Mvua za mwisho wa 1961 zililinyanyua ziwa hilo, na kufikia Mei 1964 maji yalikuwa yamepanda kiasi cha mita mbili na nusu. Fikiria ziwa lenye ukubwa unaokaribia wa nchi ya Ayalandi, lote linyanyuke zaidi ya kimo cha mtu. Kiwango kile kilidumu kama rekodi mpaka kilipovunjwa mwaka 2020. Ziwa linajumlisha mvua za nchi kadhaa kwa miezi na miaka, kwa hiyo linafichua hasa kile ambacho jenereta ya kete haijui: kwamba kuna misimu ambayo bahari ya Hindi na Pasifiki huamua kwa pamoja, na kila kete ya Afrika Mashariki huelemea upande mmoja.

MarkSim ilijaribu dawa, na nawapongeza. Kila mwaka mpya inapoanza, hubadilisha uzito wa kete zenyewe, ili miaka isiwe mapacha. Nafuu ipo. Lakini kubadilisha uzito kwa kubahatisha si sawa na kujua El Niño iko njiani, na mtihani wa 1961 bado uko mezani.

Maoni: huyu asipewe cheti cha mlimani. Arudie mwaka.

1. Msahihishaji yuko wapi?

Tumefika juu, na swali gumu kuliko yote halimhusu mwanafunzi. Ili usahihishe unahitaji majibu ya kweli, na majibu ya kweli ni kopo la mvua lililokaa mlimani miaka thelathini likisomwa kila siku.

Majirani wana ya kujivunia. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina kituo kwenye mita 3,678 za Mlima Kenya tangu 1999. Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alisimamisha mitambo kwenye barafu ya kaskazini ya Kilimanjaro, mita 5,775, Februari 2000. Vituo hivyo vinafundisha mengi, ila havikuwekwa Masaba. Huku kwetu tuna rekodi za Buginyanya, Bulambuli, ambako NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, ina taasisi yake ya kilimo cha nyanda za juu. Na kwingineko vituo vingi vya mvua vya Uganda vilinyamaza katika misukosuko ya miaka ya 1970 na 1980. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, ilirithi daftari lenye kurasa nyingi nyeupe.

Wapo watakaosema, tumia setilaiti. CHIRPS, ya Chuo Kikuu cha California Santa Barbara, inatupa mvua tangu 1981 kwa miraba yenye upande wa kilomita tano hivi, na naitumia. Lakini kwenye Masaba kilomita tano ni kutoka kahawa hadi mianzi inayotupa malewa, machipukizi yake ya kula. Zaidi ya hapo, setilaiti hurekebishwa kwa vituo vya ardhini, na jenereta nazo hulishwa ramani zilizoshonwa kutoka vituo vilevile vya bondeni. Ukimsahihisha mmoja kwa mwenzake, umempa binamu wa mtahiniwa kalamu nyekundu.

Na hata penye kopo, soma daftari kwa makini. Kuna tofauti ya dunia na mbingu kati ya 0.0 na kistari. Sufuri maana yake nimekwenda, nimetazama, hakuna kitu. Kistari maana yake sikwenda. Karani wa mjini akigeuza vistari kuwa sufuri, jenereta inajifunza ukame ambao haukuwapo. Msomaji asipofika Jumapili, maji ya siku mbili yanaandikwa Jumatatu, na programu inajifunza dhoruba ambayo haikunyesha. Nimeshaona majedwali ambayo kosa la namna hiyo lilikuwa kubwa kuliko tofauti ya jenereta mbili zilizokuwa zikishindanishwa.

Mama wa karanga alikuwa amenyamaza kitambo. Mvua ilikuwa imepungua, Wanale ikaanza kuonekana, na maporomoko meupe yakining'inia gengeni kama nyuzi.

"Hilo kopo," akauliza, "linashika nini cha ajabu?"

Kesho yake nikapanda kwenye shule moja ya msingi juu huko, ambako lipo. Ni bomba la shaba lenye mdomo wa milimita 127, limezikwa nusu ndani ya majani yaliyofyekwa, mbali na mti wowote. Saa tatu asubuhi kengele ya mapumziko ilikuwa bado, lakini msichana wa zamu alikuwa ameshatoka darasani akivuta sweta lake mabegani. Alinyanyua faneli, akatoa chupa, akamimina maji kwenye glasi nyembamba yenye mistari. Aliiinua mpaka usawa wa jicho, akasubiri yatulie, akainama kidogo asome chini ya mkunjo wa maji na si pembeni.

"Ishirini na tatu nukta nne," alisema.

Akaandika. Kisha akaipindua ile chupa, akaigonga mara mbili kwa kiganja kuhakikisha tone la leo halitahesabiwa kesho, akairudisha ndani, na kufunga.